Taa Zilizoingia Kabla Yetu

Mume wangu Osiako haoni usiku. Nalisema hapa mwanzoni, waziwazi, kwa sababu yeye mwenyewe alichukua miaka sita kulisema, na siku aliyolisema tulikuwa tumeshakosana na ukoo mzima.

Mchana hana mpinzani. Anaendesha lori la duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Kakamega, lori la simiti na mabati, na kwa miaka ishirini na tisa hajawahi kukwaruza hata boriti ya mtu. Akirudi nyuma na lori hilo katika kichochoro, wanaume husimama kutazama. Kule kwetu Khayega, nilikozaliwa mimi, walimpa jina la Rubani, naye alilipokea kwa unyenyekevu wa uongo, akikataa kwa mdomo huku kifua kimeshatangulia.

Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni, rubani huyo hukumbuka nyumbani. Tukiwa harusini, keki haijakatwa, yeye anatafuta funguo. "Mama Michelle, twende, mvua inakuja." Ukitazama juu, mbingu nyeupe pee. Katika mikutano ya matanga alikuwa anaondoka kabla sahani ya mchango haijazunguka, watu wakamwita mchoyo, na akakubali kuitwa mchoyo. Mimi nilidhani nimeolewa na mtu anayependa kitanda chake.

Nilimgundua barabarani. Tulikuwa tunatoka Khayega kurudi kwetu Lurambi, giza limeingia, mara akasimamisha gari katikati ya njia na kuzima injini.

"Mbona umesimama?"

"Acha lori lipite."

"Lori gani?"

"Hilo lenye mataa."

Likapita. Lilikuwa bodaboda. Kijana alikuwa ameipamba taa nyekundu, za kijani na za buluu, mbele, nyuma na kwenye magurudumu, na nyingine nyeupe kali katikati inayowaka na kuzima. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Osiako hakucheka. Akaniambia polepole kwamba kila taa ikija inapasuka machoni pake na kutawanyika, na ikishapita anabaki kama mtu aliyefunikwa blanketi kichwani. Imekuwa hivyo kwa muda. Nisimwambie mtu.

Basi sikumwambia mtu. Nikawa macho yake.

Kabla hujamcheka, hebu toka wewe mwenyewe na gari jioni katika barabara zetu. Siku hizi kila mtu amejifungia jua lake kwenye bampa. Anayekuja kutoka Nairobi kwa sikukuu ana taa nne, na zote zinakutazama wewe. Basi la kanisa lina nyingine kwenye paa, sijui zinamulika malaika gani. Ukimwashia mwenzako ili ashushe taa zake, ndipo anapandisha, maana amekuona mjeuri. Halafu nyuma ya mwanga huo wote kuna trekta la miwa lisilo na taa hata moja, limetulia njiani, linakusubiri. Na matuta nayo! Wanaoyajenga huyapaka rangi siku ya kwanza, na baada ya hapo unayajua kwa kugonga kichwa. Mwenye macho mazima anahangaika, sembuse Osiako.

Sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Mimi kando yake, nimekaa mbele kidogo ya kiti, mkono mmoja juu ya dashibodi. Yeye anashika usukani na kusikiliza. "Kushoto kuna mama na kuni. Sawa, umempita. Tuta. Tuta. Tuta! Ng'ombe mbele, amelala, zunguka kulia. Sasa shikilia mstari." Mahali ambapo mstari mweupe wa pembeni umefutika, mimi ndiye niliyekuwa mstari. Watoto nyuma walifundishwa kunyamaza, Michelle na wadogo zake wawili wa kiume. Baadaye yule kitinda mimba akajifunza na yeye kupiga kelele "Tuta!" kunishinda, akidhani ni mchezo, na baba yake alimsifu. Nilijiona mke wa maana. Wanawake wengine husaidia waume zao kwa kuuza mandazi, mimi nilisaidia wangu kufika nyumbani.

Utauliza kwa nini hatukulala huko Khayega tukarudi asubuhi. Hujui ukwe wa kwetu. Mwanamume halali kwa wakwe zake. Hampi mama mkwe mkono, hali naye meza moja, hamtazami usoni. Kwetu hiyo ndiyo heshima, na kwa hawa wawili ilikuwa pia mapenzi. Miaka ishirini na miwili Osiako alimjua Mama kwa kitambaa cha kichwa na sauti tu, lakini kila Mama akichinja kuku, firigisi ilikuwa ya Osiako, na ikiwa hatupo, ingekaushwa juu ya jiko mpaka tuje.

Kwa hiyo kulikuwa na namna ya kufika. Tukifika langoni Osiako anasimamisha gari, anapiga honi mara mbili, anasubiri. Mama akisikia honi anatoka nyumba kubwa na kwenda jikoni. Mimi natangulia, nahakikisha, ndipo namwita mwenzangu aingie. Miaka yote hiyo hatukukosea hata mara moja.

Tulikosea kwa sababu ya Kiprop.

Kiprop ni fundi wa umeme wa magari mjini, mtu mwenye maneno mengi kuliko waya. Osiako alimwendea kisirisiri na kumwambia kwamba gari letu, Probox, halimuliki vizuri. Hakusema macho. Kiprop akawasha taa, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa wa mwisho.

"Mzee, hii si taa. Hii ni mshumaa. Na wewe unaendeshanga gari usiku na hii? Wacha nikuekee ile kitu."

Ile kitu ilikuwa balbu mbili nyeupe zenye kuelekea ubuluu. Kiprop alizifunga, akaziwasha zikapiga ukuta wa gereji mpaka mafundi wakafunika macho, akasema kazi imeisha. Skrubu za kuinamisha taa chini hakuzigusa. Taa zilitazama mbele na juu, na usiku ule wa kwanza niliona matawi ya mikaratusi niliyokuwa sijawahi kuyaona tangu kuzaliwa.

"Sasa ni mchana!" Osiako alisema. Alifurahi mpaka akaanza kuimba.

Kila gari tulilokutana nalo lilituwashia taa. Osiako akawa anajibu kwa honi, pi pii, akipunga na mkono.

"Unaona vile watu wamezipenda?"

"Baba Michelle, wanakutukana."

"Hiyo ni wivu."

Mwenye baiskeli mmoja alishuka, akaingia na baiskeli yake ndani ya shamba la mahindi, akasimama huko mpaka tukapita. Nilimwonea huruma, lakini sikusema kitu, kwa sababu mume wangu alikuwa anaimba. Na kusema kweli, barabara ikiwa tupu aliona vizuri kidogo. Gari likija mbele, shida ilikuwa ileile. Balbu za Kiprop zilikuwa zimewapofusha wengine bila kumfungua yeye.

Jumapili yenyewe, kanisa letu lilikuwa na mgeni mkubwa, na mgeni mkubwa alihubiri kama aliyelipwa kwa saa. Tulitoka saa kumi na nusu. Nilikuwa na dawa za presha za Mama kwenye mkoba, na nilijua zile za mwanzo zilikuwa zimeisha Ijumaa. Osiako alitaka tuzipeleke kesho yake. Nikamwambia kesho yake ana lori, na presha haingojei lori. Tukaondoka Lurambi kumi na mbili na nusu, sisi wawili, wavulana wakabaki nyumbani. Nikaanza kazi yangu. Kushoto, kulia, tuta, ng'ombe.

Tulifika salama. Tukakunja kuingia njia ya kwetu, na hapo pikapu moja ikatoka kwa jirani ikatukabili uso kwa uso, taa zake juu, zetu juu. Osiako alitoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilijua hapo hana kitu machoni.

"Endelea polepole. Kulia. Kulia kidogo. Hapo. Simama."

Alisimama hasa mahali pa siku zote, mbele ya lango. Akapiga honi mara mbili. Alifanya kila kitu alichofundishwa na baba yake kuhusu ukwe.

Gari lilisimama langoni. Taa ziliingia.

Zile taa zetu za zamani, za manjano, zilikuwa zinaishia kwenye kitalu cha kunde. Hizi zilipita kunde, zikapita banda la kuku, zikaenda moja kwa moja mpaka kwenye bafu lililo nyuma karibu na ua. Bafu la Mama halina paa, na kuta zake ni magunia meupe ya mbolea yaliyoshonwa pamoja. Magunia yakang'aa kama karatasi mbele ya taa. Na ndani ya mwanga huo alikuwa amesimama mama yangu, mwanamke wa miaka sabini na minne, na kopo la maji mkononi. Kwa kushtuka alishika gunia ili ajifunike, na gunia nalo likaachana na mti. Sitasema zaidi. Ni mama yangu.

"Zima taa!" nilipiga kelele.

Osiako akavuta kitu, taa zikazidi.

"Zima, wewe!"

Akavuta kingine, waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Nilichomoa funguo mwenyewe.

Giza lilipoanguka ndipo nikasikia ukelele wa Mama, na baada yake kelele za wengine. Kaka yangu mkubwa, Shimanyula, alitoka mbio na panga akidhani ni wezi. Mke wake alitoka na leso. Watoto walikuwa wamejaa uwanjani, kila mmoja ameona, kila mmoja ananyamazishwa. Na katikati ya hayo yote mume wangu alinigeukia, macho wazi, akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Kuna nini? Nimegonga kuku?"

Aliyesikia neno hilo ni mimi peke yangu.

Mama alijifungia chumbani. Dawa nilizipitisha dirishani. Mkono ulitoka, ukazichukua, ukarudi ndani. Tulirudi Lurambi, nikisema tu kushoto na kulia.

Jumanne dada ya marehemu baba, tunayemwita Senje, alifika kwetu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba magotini, akakataa chai. Senje akikataa chai, ujue ametumwa.

"Osiako, hiyo taa ulitoa wapi? Kwa uwanja ya ndege?"

Osiako alitazama sakafu.

"Wifi yangu hatokangi nje sasa. Anakula kwa chumba. Anasema atapita aje mbele ya watu, na mkwe wake amemuona vile Mungu alimuumba? Sasa wazee wamekaa. Jumamosi utakuja, usimame, useme uliona, uombe msamaha. Maneno kwanza. Halafu utaleta kondoo na blanketi, mambo iishe." Kisha akanigeukia. "Na wewe Navalayo, mpaka hiyo siku usikanyage kwa mama yako. Hataki kukuona."

Nililia papo hapo, sioni haya kusema. Mama hajawahi kukosa kutaka kuniona.

Osiako yeye alikuwa ameinua kichwa. "Senje, nitakuja. Kondoo nitaleta. Hata wawili."

Alikubali upesi mno. Senje alipoondoka nikamfuata mpaka jikoni.

"Utasema uliona? Uliona nini?"

"Si wamesema niseme."

"Uliniuliza kama umegonga kuku!"

"Shh!"

"Hukuona kitu, Baba Michelle. Sema hukuona, Mama atoke chumbani."

"Nikisema sikuona, wataniuliza kwa nini. Nitajibu nini? Kwamba mimi ni kipofu? Khayega na duka la bosi ni mbali? Jumatatu atakuwa ameshasikia. Nani atamwachia lori dereva haoni?"

"Lori ni la mchana."

"Barua ya kufuta mtu haisemangi mchana ama usiku."

Hapo ndipo nilipomwelewa, na hasira zikanipanda mpaka masikioni. Mume wangu alikuwa radhi aitwe mwanamume aliyemwona mama mkwe wake, ili asiitwe dereva asiyeona. Kondoo angeosha mwiko, ndiyo, wazee wangetosheka, blanketi lingetandikwa. Lakini Mama angeishi siku zilizobaki akijua kwamba Osiako alimwona, akihesabu kila hatua anapovuka uwanja wake mwenyewe. Na haikuwa kweli. Angekufa na aibu isiyokuwepo.

Nilimwambia hayo Jumanne. Nikamwambia tena Jumatano, na Alhamisi nikamwambia huku nikipakua ugali, kwa mwiko mkononi, na akasogeza kiti. Ijumaa nilimwambia kwamba akisimama aseme aliona, mimi nitasimama niseme ni mwongo. Alilala sebuleni. Niliamka saa nane nikamkuta ameketi gizani, hajawasha taa.

"Mama Michelle," alisema, "mimi sijui kazi nyingine."

Nilikaa kando yake. Nikamshika mkono.

Jumamosi tulikwenda mchana kweupe, saa nne. Kikao kilikuwa sebuleni kwa Shimanyula. Wazee watatu, Senje, wake wa kaka zangu, na mlango wa chumba cha ndani uliorudishwa ukabaki mwanya wa kidole. Nilijua Mama yuko nyuma yake. Nilisikia kiti kikilia.

Osiako alisimama. Alivaa koti lake la harusi ya kanisani, na jasho lilikuwa limeshapenya mgongoni. Alikohoa. Alitazama ukuta, akatazama viatu vyake, na nikajua sasa atasema aliona.

"Sikuona," alisema.

Watu wakanung'unika. Shimanyula akainua mkono.

"Mulamwa, shemeji yangu, ile taa ilimulika mpaka mimi nikiwa ndani nikaona ukuta ya jikoni. Wewe mwenye umeshika usukani, hukuona?"

"Sioni usiku, mulamwa. Taa ikinipiga sioni kabisa. Sijaona miaka sita."

Wakacheka kicheko kibaya. Mzee mmoja akasema amesikia watu wengi wakikwepa kondoo, lakini huyu ametia fora. Senje alipiga makofi.

"Rubani haoni! Na usiku alikuwa anakufikisha hapa nani? Malaika?"

Osiako alinitazama. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa peke yake namna ile. Nikasimama.

"Ni mimi nilikuwa namfikisha."

Nikawaeleza. Nilianza taratibu, lakini unajua mtu akishaona watu wanasikiliza. Niliwaeleza bodaboda iliyokuwa lori. Nikakaa kwenye ukingo wa kiti, mkono mbele, nikawaonyesha: kushoto kuna mama na kuni, tuta, tuta, ng'ombe amelala, zunguka! Nikaiga Osiako akijibu matusi kwa honi. Nikawaeleza jinsi kitinda mimba alivyojifunza kupiga kelele "Tuta!" kutoka kiti cha nyuma, na jinsi siku moja alisinzia na sote tukapaa. Mke wa Shimanyula alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Nikamalizia na waipa, na kuku. "Kuna nini? Nimegonga kuku?" Hata yule mzee wa kondoo aliinama akashika magoti. Senje alisema hiyo ni kweli, hiyo hakuna mtu anaweza kutunga, huyu mtu hakuona hata ukucha.

Nilikuwa nimeshinda. Niliketi chini nikiwa nimevimba kwa furaha. Mama yangu alikuwa huru, hakuonwa na mkwe wake. Mume wangu alikuwa anapumua.

Mlango wa chumba ukafunguka.

Mama alisimama pale mlangoni, amejifunga leso mbili, uso wazi. Osiako aligeukia ukuta upesi. Mama hakumtazama. Alinitazama mimi, muda mrefu, kama anayetafuta kitu ndani ya kapu.

"Navalayo."

"Mama."

"Huyo mtoto mwenye alikuwa anasema tuta. Alikuwa ndani ya gari?"

"Alikuwa nyuma, Mama."

"Na wale wengine?"

"Wote."

"Usiku."

"Usiku, Mama."

Kicheko kilikuwa kimekwisha sebuleni. Nje kuku alikuwa anataga na kupiga kelele zake, na hakuna aliyemfukuza.

"Huyu alikuwa na haya ya mwanaume, akanyamaza," Mama alisema. "Wewe ulikuwa na nini?"

Mimi nisiyekosa neno, mnaojua mnajua. Nilitaka kusema heshima, nilitaka kusema ndoa. Akilini niliwaona watoto wangu watatu wamekaa kimya nyuma ya kiti changu, wananiamini, na lile trekta lisilo na taa likitusubiri mahali fulani njiani. Miaka sita. Nilikuwa nimejivunia jambo hilo. Niliona aibu kubwa kuliko ile aliyoiona Mama bafuni, kwa sababu yangu ilikuwa ya kweli.

"Kondoo utaleta wewe," Mama alisema, akarudi ndani na kufunga mlango.

Hakuna mzee aliyebisha. Osiako aliweka funguo za Probox juu ya stuli mbele ya Shimanyula bila kuombwa, na tulirudi Lurambi kwa bodaboda, jua bado likiwa juu. Jumatatu alimwambia bosi mwenyewe kabla maneno hayajamfikia. Bosi alimpeleka stoo akahesabu misumari kwanza, na daktari wa macho akamwonyesha ukungu uliokuwa umetanda ndani ya macho yote mawili, mtoto wa jicho, kitu cha kuondolewa. Jicho moja limeshafanyiwa upasuaji. La pili ni mwezi ujao. Balbu alimrudishia Kiprop, ambaye sasa ninasikia amezifunga kwenye gari la mwingine.

Jumatano nilienda soko la Lubao nikachagua kondoo mwenyewe. Nilimshika kamba kutoka stendi ya Khayega mpaka nyumbani, kwa miguu, watu wakinitazama, na blanketi likiwa kichwani. Mama alikuwa langoni, ndani, mikono juu ya mti wa lango. Hakumtazama kondoo.

"Watoto wako wapi?"

"Vijana wako shuleni, Mama. Michelle yuko chuo."

"Walienda na nini, hao wa shule?"

"Na miguu."

Akafungua lango.